Jinsi ya Kutoa Video Olympic Ikafunguka Hadi Bombo

Kabla hujawasha kompyuta, chukua karatasi na kalamu. Andika majina ya watu wote watakaoitazama video yako, kisha mbele ya kila jina andika mashine atakayoitumia. Andika mashine aliyo nayo, wala si ile ambayo ungemnunulia kama ungekuwa na uwezo. Ukimaliza, izungushie duara iliyo mbovu kuliko zote. Hiyo ndiyo itakayoamua aina ya faili utakayotoa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Mafundi wengi wa video hapa Olympic, Kibera, hawaanzi hivyo. Wanaanza na kamera. Wanakuambia ni ya 4K, wanakuonyesha lenzi, wanakutajia na bei yake. Wanahariri kwenye laptopu yenye nguvu, video inacheza laini kabisa, wanaitia kwenye flashi, wanapokea salio lao na kupanda matatu pale stage. Siku mbili baadaye simu inalia: "Kijana, hii kitu yako ina sauti lakini haina picha." Fundi anajibu kwamba kwake inacheza vizuri. Ndugu yangu, kwako hakuna aliyekuuliza. Umelipwa ili watu waione kwao.

Tuchukue harusi ya Kinubi ya mtaa wa Makina iwe somo letu, kwa kuwa sijui mtihani mkali zaidi kwa faili ya video katika Nairobi hii. Wanubi waliletwa na jeshi. Babu zao walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika King's African Rifles, na Mwingereza aliwapa makao Kibra (Kibera hii yetu), Eldama Ravine, Bombo kule Uganda, na kwingineko. Kwa hiyo familia moja ina watu pande mbili za mpaka tangu siku hizo, na siku hizi ina watu Ghuba pia. Harusi ikiisha, karatasi yako inasomeka hivi: habuba (nyanya) wa Makina, televisheni yenye tundu la flashi; kaka wa bwana harusi, MacBook ya ofisini; shangazi wa Bombo, laptopu ya mwanawe yenye Windows 7; binti aliyekuja kutoka Doha, iPhone; mwalimu wa madrasa, kompyuta ya mezani ambayo hakuna anayekumbuka ilinunuliwa lini. Wote wanaitaka video ileile, na wote wanaitaka leo.

Na ni video ya saa 3. Kuna akdi, kuna chakula, kisha kuna doluka, ambayo ndiyo kila mtu atairudia: ngoma, akina mama waliojipanga, gurbaba walizojifunga, za rangi zinazogongana kwa furaha. Kumbuka hizo gurbaba. Tutazirudia tukifika kwenye ukubwa wa faili, kwa sababu hakuna kinachoonyesha ubahili wa fundi upesi kama kitambaa chenye maua madogo kinachotikisika.

Sasa elewa jambo moja, nusu ya matatizo itakwisha. Herufi za mwisho wa jina la faili, .mp4 au .avi au .mov, hazikuambii picha imebanwaje. Ukipita Kibera Drive jioni unakuta sufuria zimefunikwa, zimepangwa mstari. Kifuniko hakikuambii kama ndani mna matumbo au omena. Ndivyo ilivyo na MP4. Ndani yake mnaweza kuwa na picha iliyobanwa kwa H.264, au kwa H.265, au kwa AV1, na sauti ya AAC au ya namna nyingine kabisa. Njia hizo za kubana ndizo kodeki. Mtu akikuambia, "Mimi nimekutumia MP4, shida ni kompyuta yako," muulize ndani mna nini. Akikosa jibu, fungua faili kwa VLC, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, na kila kitu kitaandikwa hapo: kodeki ya picha, kodeki ya sauti, upana na kimo, idadi ya fremu kwa sekunde. Huhitaji kuwa mhandisi. Ni kusoma tu.

Kubana hakuepukiki. Picha ya 1080 yenye fremu 25 kwa sekunde, isiyobanwa, hula zaidi ya megabaiti 70 kila sekunde, hata baada ya kupunguza rangi kwa namna ya kawaida. Harusi yetu ya saa 3 ingepita gigabaiti 800. Hakuna flashi ya namna hiyo Toi Market, na ingekuwapo, ingekuwa na bei ya mahari.

Basi, jibu. MP4, picha ikiwa H.264, sauti ikiwa AAC. Iandike ukutani juu ya meza yako ya kuhariria, mahali ambapo wateja wataiona na kukuuliza.

Sababu zake si ushabiki. H.264 ilikamilika mwaka 2003, na MP4 ya sasa iliwekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka huohuo. Tangu hapo watengenezaji wa chipu wameijengea mahali pake ndani ya simu, televisheni, ving'amuzi na kompyuta, kiasi kwamba kazi ya kuifungua haimsumbui hata prosesa mnyonge. Windows 7, iliyotoka 2009, ndiyo Windows ya kwanza kuifungua bila kuongezewa kitu. Ndiyo maana shangazi wa Bombo yumo salama. QuickTime ya Mac iliijua tangu 2005. iPhone imekuwa nayo tangu ile ya kwanza ya 2007. Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zinazoshikwa mkononi hapa mtaani, zinaifungua bila kelele. Ukiipitisha karatasi yako yote, hakuna jina litakalobaki nje. Hebu niambie kuna kitu gani kingine Kibera hii ambacho watu wote wamekubaliana juu yake.

Lakini H.264 nayo ina mitego yake. Mhariri anayependa kubofya kila kitufe huitoa ikiwa na biti 10 za rangi, kwa kuwa 10 ni zaidi ya 8. Kwenye mashine yake itapendeza. Kwenye televisheni ya habuba itatoka sauti peke yake, au rangi za ajabu, kwa sababu chipu zile zilijengewa biti 8. Toa kwa biti 8 na mpangilio wa rangi ambao programu huuandika 4:2:0 au yuv420p. Fremu ziwe 25 au 30, na zisibadilikebadilike. Video za simu mara nyingi zina fremu zinazopungua na kuongezeka, na ukizihariri hivyohivyo, mdomo wa shehe utamaliza kusema kabla ya sauti yake. Kama unaweza kuchagua tangu kwenye kamera, chagua 25. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na zile taa za mirija za ukumbini hupepesa kwa mara mbili ya mwendo huo. Kamera yenye fremu 25 na shata ya 1/50 hukubaliana nazo, na michirizi myeusi inayopanda na kushuka ukutani inatoweka.

Huna programu ya bei? Pakua HandBrake. Ni ya bure, aliianzisha Eric Petit mwaka 2003, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Iwekee faili yako ya mwisho, chagua mpangilio unaoitwa Fast 1080p30 au Fast 720p30, hakikisha juu pameandikwa MP4, tia alama kwenye kisanduku cha Web Optimized, kisha uiache ifanye kazi wakati unakula. Kile kisanduku si pambo. Faharasa ya MP4, yaani maelezo ya kila fremu iko wapi, kwa kawaida huandikwa mwisho wa faili; ukitia alama, inahamishwa mwanzo, na anayeitazama kwa intaneti anaanza kuona kabla faili yote haijafika. Kwa mtu wa Doha anayetazama kazini kwa siri, hilo ni jambo kubwa.

Sasa watakuja wenye hoja zao. Wakaribishe, wape viti, lakini usibadilishe kilicho ukutani.

Wa kwanza ni kaka wa MacBook, naye ataleta MOV. Msikilize, kwa kuwa MOV ni ya Apple tangu 1991 na MP4 ilizaliwa humo. Ndani yake mara nyingi mna H.264 na AAC zilezile unazozitaka, na hakuna haja ya kubana upya na kupoteza ubora. Unahamisha tu kilichomo. FFmpeg, ambayo Fabrice Bellard aliianza mwaka 2000 na ambayo imo ndani ya programu nyingi za video unazozijua, inaifanya kwa mstari mmoja: ffmpeg -i harusi.mov -c copy harusi.mp4. Inachukua muda wa kunakili faili, basi. Lakini kama kaka ametoa ProRes, jihadhari. ProRes 422 ya 1080 hula megabiti zaidi ya 100 kwa sekunde, gigabaiti 50 na ushei kwa saa. Hiyo ni nakala ya kuhifadhi kwa ajili ya kuhariri tena. Kumpelekea shangazi ni kumtesa.

Wa pili ni binti wa Doha, na huyu ndiye anayewaponza wengine bila kujua. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi zimekuwa zikirekodi kwa HEVC, jina jingine la H.265, iliyokamilika 2013. Ni kodeki nzuri kweli. Kwa ubora uleule faili hukaribia nusu. Ila Windows nyingi huhitaji kiongezi cha kununua ndipo zifungue, na laptopu kuukuu hata ikifungua, picha inaruka kwa kwikwi kwa kuwa chipu yake haikujengewa kazi hiyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mwalimu wa madrasa alipofungua klipu aliyoletewa na binti huyo. Kibodi yake imefutika herufi za safu ya katikati, A na S hazisomeki tena, na bado anapiga chapa bila kutazama. Dirisha jeusi lilitoka na maandishi: 0xc00d5212. Mwalimu akachukua daftari, akainakili namba hiyo kwa mwandiko wake mzuri, tarakimu moja moja, akageuka.

"Hii nipige kwa nani, mwanangu?"

"Hiyo si namba ya simu, mwalimu. Kompyuta inasema haina kodeki ya hii faili."

"Basi ingesema."

Mwalimu alikuwa na haki. Na dawa ilikuwa kwa binti, dakika moja kabla ya kurekodi: mipangilio ya kamera, mahali pa fomati, achague ile inayopatana na vifaa vingi zaidi. Kuanzia hapo simu yake inarekodi H.264 na mwalimu hanakili namba tena. Ikiwa klipu zimesharekodiwa, zipitishe HandBrake, mpe mwalimu zilizobadilishwa, na zile za mwanzo uzihifadhi.

Wa tatu ni kijana wa kushusha mafilamu, anayekuja na AV1 au WebM na kukuambia dunia imesonga. Imesonga kweli. AV1 ilitoka 2018, haina ada, inabana kuliko H.265, na siku moja nitabandua karatasi yangu ukutani niandike hiyo. Siku hiyo itakuwa ni ile ambayo televisheni ya habuba itaifungua.

AVI ni ya Microsoft, 1992, na ningeipita bila salamu kama si vibanda vya video. Bado kuna wenye deki za DVD zenye tundu la USB, na nyingi za hizo hazijui H.264, zinajua picha ya Xvid na sauti ya MP3 ndani ya AVI, kwa vipimo vidogo vya DVD. Kama deki ya namna hiyo imo kwenye karatasi yako, usibishane nayo. Mtolee mwenyewe nakala yake ya AVI pembeni. Wengine wabaki na MP4.

Halafu kuna MKV, iliyoanza 2002, na hapa naomba makini kwa sababu ina kazi moja ambayo MP4 ya kawaida haiiwezi. QuickTime ya Mac haiifungui, kwa hiyo usiitume. Lakini ikiwa unarekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, mahubiri au mkutano wa wazazi kwa programu ya OBS, rekodi kwa MKV. Nimeshasema faharasa ya MP4 huandikwa mwisho. Stima ikipotea katikati ya mahubiri, na hapa kwetu stima hupotea bila kupiga hodi, MP4 ya kawaida inabaki haina faharasa. Gigabaiti zimo, ila hakuna programu inayojua pa kuanzia. MKV inajiandika maelezo yake kadiri inavyoendelea, na ukikatika umeme unapoteza sekunde za mwisho tu. Stima ikirudi, unaihamishia MP4 kwa ule mstari wa FFmpeg. Ningependa kila kanisa lenye kamera kati ya hapa na Kawangware lijue hili kabla ya Jumapili ijayo.

Sasa tuje kwenye flashi, maana ndipo harusi nyingi zinapofia.

Harusi yetu kwa 1080, megabiti 5 kwa sekunde, inatoka gigabaiti 6.75. Una flashi ya gigabaiti 8, mpya, tupu. Unaburuta faili, na kompyuta inakuambia faili ni kubwa mno. Unatazama nafasi: ipo. Unajaribu tena, unaichomoa, unaipuliza, unaichomeka upande wa pili. Mwenye saiba anakuambia flashi ni feki. Flashi haina kosa. Flashi ndogo nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja inayofika gigabaiti 4, hata flashi iwe na nafasi ya kutosha faili mbili kama hiyo.

Utashauriwa ubadilishe mpangilio uwe NTFS. Usikubali: Mac inasoma NTFS lakini haiandiki humo, na televisheni nyingi haziitaki. Utashauriwa exFAT, ya Microsoft ya mwaka 2006, na huo ni ushauri mzuri kwa kompyuta na kompyuta. Windows 7 inaijua, Mac inaijua, Linux imeiingiza kwenye kiini chake tangu 2019. Lakini televisheni ya habuba? Nyingi za zamani zinajua FAT32 na basi. Kwa hiyo rudi kwenye karatasi, tazama lile duara, na ukate video vipande. Na hapa shukuru, kwa kuwa kukata kunaifanya video iwe bora. Nani anatazama saa 3 kwa mkupuo? Toa faili tatu: 01-akdi, 02-chakula, 03-doluka. Kila moja kwa saa moja ni gigabaiti 2.25, FAT32 inaridhika, na habuba hahitaji kusukuma mbele chakula chote ili afike anapopataka. Anza majina kwa tarakimu ili televisheni izipange sawa. Usitie nafasi wala alama za ajabu kwenye majina. Baadhi ya mashine hukwama hapo bila kutoa sababu.

Kama flashi ni ndogo zaidi, shuka hadi 720 kwa megabiti 2.5, na saa 3 zote zinaingia katika gigabaiti 3.4. Kwa televisheni ya inchi 32 ukiwa umekaa kwenye kochi, tofauti ni ndogo kuliko unavyoogopa. Ila usiibane 1080 mpaka megabiti 1 ili uweze kusema ni 1080. Hapo ndipo gurbaba zinapokusema. Kitambaa chenye maua kinapotikisika, karibu kila sehemu ya fremu inabadilika kwa wakati mmoja, na kodeki iliyonyimwa data haina la kufanya ila kumwaga miraba. Akina mama walionunua vitambaa hivyo kwa ajili ya siku ile wanajua maua yao yalikuwa mangapi. Ukiwa na data kidogo, punguza vipimo vya picha kwanza. Nitakufa nikilisema hili.

Kutuma kwa simu. WhatsApp ikipokea video kama video, inaibana upya kwa namna yake, na kazi yako ya wiki inafika Bombo ikiwa ukungu. Itume kama hati: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, tafuta faili. Itafika kama ulivyoitoa, mradi isizidi gigabaiti 2. Gharama yake ni bando, na bando la watu wawili, la anayetuma na la anayepokea, kwa hiyo mpigie shangazi kwanza umwambie faili ina ukubwa gani. Mpelekee doluka ya dakika 10, ni megabaiti 400 hivi. Nyingine atazipata kwa flashi mtu akisafiri. Na kama mko chumba kimoja, Xender inapeleka faili kutoka simu hadi simu bila bando na bila kuugusa ubora. Vijana wa shule wamelijua hili zamani. Wazee wao ndio bado wanachoma bando la kutumiana video wakiwa kwenye kochi moja.

Kuna sababu inayonifanya nishikilie haya kwa ukali. Mwaka 2010 vijana wa hapa walianzisha Kibera News Network, pamoja na mradi wa Map Kibera ulioanza mwaka uliotangulia, wakapita vichochoroni wakirekodi habari za mtaa kwa kamera ndogo za Flip. Kampuni ya Cisco ikaifunga biashara ya Flip mwaka 2011. Kamera zikawa yatima, video zikabaki, kwa sababu zilikuwa zimeshatolewa kwa namna ambayo mashine nyingine ziliweza kuzifungua na kuwekwa mahali ambapo watu wangezipata. Kibera imerekodiwa mno na wageni. Filamu ya The Constant Gardener ilikuja kupiga picha hapa na ikatoka 2005. Hizo zina watu wa kuzitunza. Zetu hazina mtu ila sisi.

Tazama yaliyoikuta Wakaliga, mtaa wa Kampala ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Filamu hiyo imetazamwa dunia nzima. Toleo lake la asili halipo tena. Diski ilijaa, filamu inayofuata ilihitaji nafasi, ya kwanza ikafutwa. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akiipigia kelele kwa raha zake. Sauti ya Emmie ni hazina, wala sitaki kuikosa. Lakini anayetaka kuiona filamu ilivyokuwa kabla yake hana pa kwenda.

Na sisi, asubuhi ya Julai 23, 2018, matingatinga yalipoingia Kibera kufungua barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata, nyumba na makanisa na shule zikaanguka watu wakitazama. Simu nyingi zilikuwa zimeinuliwa. Klipu ninazoziona leo za siku ile zimepita WhatsApp mkono kwa mkono hadi nyuso zimekuwa miraba. Huwezi kumtambua jirani. Huwezi kusoma jina la shule ukutani. Mahali fulani, kwenye simu ya mtu, faili ya kwanza ilikuwapo, kali na safi, na huenda ilifutwa ili kupata nafasi ya picha za Krismasi. Ukiwa na klipu ya siku ile, tafadhali usiitume tena kama video. Nakili faili yenyewe kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, kwa waya.

Kwa hiyo kila kazi ina faili za aina mbili, na usizichanganye. Kuna ya kushirikiana, MP4 yenye H.264, ndogo, ya kufunguka kokote. Na kuna zile za asili, kama zilivyotoka kwenye kamera au simu, HEVC iwe HEVC, MOV iwe MOV, usizibane, usizigeuze. Za asili hazitumwi kwa mtu. Ya kushirikiana haihaririwi tena, kwa kuwa kila ukiibana upya inapoteza kitu na hakirudi.

Kabla hujachukua salio lako, ijaribu. Si kwenye laptopu yako. Nenda kwa habuba, msalimie, chomeka flashi kwenye televisheni yake, fungua faili zote tatu, ruka hadi katikati ya kila moja, sikiliza kama sauti inaenda na midomo. Ukiwa kwenye kompyuta, itoe flashi kwa utaratibu, usiichomoe tu. Data za mwisho hukawia kuandikwa, na zinazokosekana ni zilezile za bibi harusi akiingia. Ikicheza kwa habuba, itacheza Bombo.

Zile za asili ziweke kwenye diski mbili, na hizo diski zisilale chini ya paa moja. Toi Market imeungua zaidi ya mara moja, na nyumba zetu zimebanana. Diski yangu ya pili iko Kawangware kwa dada yangu. Naenda kila mwisho wa mwezi na kazi mpya, na nikifika naichomeka kwanza, nafungua faili mbili tatu za zamani nione kama bado zinasoma, ndipo naketi kunywa chai.